Joto Hushuka kutoka Juu: Paa, Ukuta na Upepo katika Nyumba za Mraru na Voi

Nyumba ya mabati ya Mraru, karibu na mji wa Voi nchini Kenya, haipati joto lake kubwa kutoka hewani. Hulipata paani, na hulipata kwa namna ambayo hata ukifungua madirisha yote huwezi kulizuia. Jambo hili likishaeleweka, ndilo linaloamua pesa za mwenye nyumba ziende wapi: kwenye feni, kiyoyozi, ukuta mnene, mti, rangi au dari. Kwa maoni yangu, watu wa Voi na viunga vyake wamekuwa wakizipeleka mahali pasipostahili kutangulia.

Tupige hesabu. Adhuhuri, anga ikiwa nyeupe, kila mita ya mraba ya paa hupokea takriban wati 1,000 za jua. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina paa la mita za mraba 48, kwa hiyo inapokea kilowati 48. Bati lililochakaa na kushika kutu hunyonya asilimia 70 au zaidi ya nguvu hiyo. Upepo huondoa sehemu kubwa, nyingine hurudi angani, lakini bati lenyewe hufika nyuzi 60, wakati mwingine 70. Sasa kila kitu chenye joto hutoa mnururisho, yaani hutupa joto pembeni bila kuhitaji hewa ya kulibeba, na mnururisho huo hupanda kwa kasi kubwa kuliko joto lenyewe. Kitu chenye nyuzi 32, ambazo ni joto la kawaida la hewa ya mchana wa Voi, hutoa kama wati 490 kwa mita ya mraba. Bati la nyuzi 65 hutoa kama 740. Tofauti ya wati 250 ndiyo inayomshukia aliye chini, na kwa paa zima inaweza kufika kilowati 12.

Mtu aliyetulia kwenye kiti hutoa wati 100 hivi. Chumba chenye watu wanne wakiongea kina joto la wati 400 kutoka kwao wote. Kwa hiyo saa nane mchana familia iliyokaa chini ya mabati matupu imekaa chini ya jiko la makaa lililopinduliwa, huku kila mtu akilaumu hewa. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa ukutani husema nyuzi 34 na mwili ukasema 40. Vyote viwili ni kweli, kwa sababu mwili hupima wastani wa hewa inayougusa na nyuso zinazoutazama, na kipimajoto cha ukutani hakipimi kichwa kinachotazamana na bati.

Taita Taveta ni kaunti yenye tabianchi mbili zinazotenganishwa na safari fupi ya matatu. Voi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari. Machi joto la mchana hufika nyuzi 33, Julai hushuka hadi 28 hivi, na usiku huwa kati ya 18 na 22. Mvua ni chache, karibu milimita 550 kwa mwaka, nyingi zikinyesha Novemba na Desemba, halafu Machi na Aprili. Ukipanda kutoka Voi kupitia Mwatate hadi Wundanyi umeongeza mita 800 hivi, na kwa kuwa hewa hupoa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, unawakuta wenyeji wako katika joto lililopungua kwa nyuzi tano. Kilele cha Vuria, mita 2,208, kinapoa kwa nyuzi kumi hivi kuliko Voi siku hiyo hiyo. Mraru iko kati ya Voi na vilima, na tatizo lake ni la Voi: mchana mkali, usiku wa kuvumilika. Tofauti ya nyuzi kumi au zaidi kati ya alasiri na alfajiri ni mali ambayo Mombasa haina. Huko pwani, usiku wa Machi haushuki sana chini ya 25 na unyevu hauachi ngozi ikauke.

Kwa nini basi bati likashinda? Wazee wa Dawida, yaani Wataita, walijenga msonge wa nyasi, na nyasi kavu iliyolazwa vizuri imejaa hewa iliyotulia, ambayo ni kihami bora kuliko karibu kila kitu kinachouzwa dukani. Joto hupita katika chuma cha bati kwa urahisi mara mia kadhaa kuliko katika nyasi. Wapo wanaoandika kuhusu nyumba hizo kana kwamba babu zetu walikuwa na akili na sisi tumepotea. Siamini hivyo. Nyasi huwaka, huoza, huwa makao ya panya na nyoka, na huhitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache na watu ambao siku hizi wako kazini Mombasa. Zaidi ya hayo, bati hukinga maji. Paa letu la mita za mraba 48, kwa mvua ya milimita 550, hupokea zaidi ya lita 26,000 kwa mwaka. Hata tukikubali kupoteza sehemu moja katika tano, zinabaki lita 21,000, mitungi zaidi ya elfu moja ya lita 20. Kwa mji wa Voi, ambao bomba la maji ya chemchemi za Mzima linapita likielekea Mombasa huku wakazi wengi wakinunua maji kwa mtungi, hiyo ni hoja isiyojibika kwa nyasi. Bati limekuja kukaa. Swali ni tuliwekee nini juu na chini yake.

Juu yake kuna rangi, na hapa fizikia ina mtego. Bati jipya la zinki hung'aa na hurudisha zaidi ya nusu ya jua. Mtu angetarajia libaki baridi, lakini ukiligusa mchana litakuchoma. Sababu ni kwamba uso unaong'aa hivyo ni mchoyo wa kutoa mnururisho wake wenyewe. Hupokea kidogo, lakini hicho kidogo hukishikilia. Rangi nyeupe hufanya kazi zote mbili: hurudisha asilimia 70 au 80 ya jua, na joto linaloponyoka likaingia hulitoa tena kuelekea angani kwa urahisi. Paa jeupe lililo safi adhuhuri hukaribia joto la hewa. Neno la kuzingatia ni hilo la usafi. Vumbi jekundu la Voi humaliza weupe katika kiangazi kimoja, na mwenye kupaka lazima akubali kupanda na kuosha baada ya vumbi la Agosti na Septemba. Wauza mabati nao wametuzoesha rangi za kahawia, kijani kibichi na nyekundu iliyokolea. Zinapendeza barabarani na hazionyeshi uchafu, lakini ukiacha yale yenye rangi maalumu ya kurudisha mwanga usioonekana, bati la kahawia halina tofauti kubwa na lile lililoshika kutu. Kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Voi, ningeyapandisha mabati meupe yakae mstari wa mbele.

Chini ya bati kuna dari, silingi kwa mafundi wetu, nayo ndiyo kazi inayolipa kuliko zote. Dari ya mbao nyembamba au jipsamu hukata njia ya mnururisho: bati sasa halimtazami tena mtu, linatazama ubao. Ubao hupata joto, lakini haufiki nyuzi 65. Ukitandaza juu yake kihami cha sentimita 5, joto linalopenya huwa chini ya wati moja kwa kila mita ya mraba kwa kila uzi wa tofauti. Bati likiwa 65 na chumba 30, tofauti ni nyuzi 35, na kinachoshuka ni wati 25 hivi kwa mita ya mraba badala ya 250. Kilowati 12 zimekuwa moja na kidogo. Hakuna mashine yoyote katika uchambuzi huu itakayofikia hesabu hiyo, na dari haina bili ya mwisho wa mwezi. Matundu ya hewa kwenye kuta za pembeni, yakielekea juu ya dari, huondoa hewa iliyokwama chini ya kenchi na kupunguza hata hicho kilichobaki. Yawekewe wavu, la sivyo popo watahamia.

Kihami hicho kitoke wapi? Pamba ya kioo huletwa kutoka mbali na bei yake ni ya mbali. Wakati huo huo, ukitoka Voi kuelekea Mwatate unapita mashamba ya mkonge yanayoishia kwenye upeo wa macho. Shamba la Teita Sisal lina jina linalojulikana nje ya Kenya. Katika jani la mkonge, nyuzi zinazouzwa ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Zinazobaki ni maji na makapi, na katika kuchana na kusafisha nyuzi zenyewe hutoka mabaki mafupi yasiyofaa kwa kamba. Nyuzi kavu zilizotandazwa kwa wepesi hushika hewa, na hewa iliyoshikwa ndiyo inayohami; katika jambo hili nyuzi hizo hazipitwi sana na pamba ya kioo. Nina tahadhari mbili. Mkonge mkavu huwaka, na mchwa wa Tsavo hawajawahi kukataa chakula. Dawa ya borax husaidia kwa yote mawili, na haina sumu kali kwa watu. Katika miaka ya 1980 Kenya ilijaribu vigae vya simiti vilivyochanganywa na nyuzi za mkonge, na tatizo lililojitokeza ni kwamba ukali wa simiti hula nyuzi taratibu. Juu ya dari hakuna simiti. Naona ajabu kwamba kaunti inayosafirisha mkonge miaka yote hii inalala chini ya mabati matupu.

Wapo waliokwisha kulitambua hili bila vitabu. Katika vyumba vya kupanga vya Voi utaona magunia, maboksi yaliyokunjuliwa au shuka zilizotandikwa chini ya mabati. Wageni huchukulia ni umaskini. Ni dari, hata kama ni dari inayoweza kushika moto.

Baada ya paa huja jinsi nyumba ilivyolala kwenye kiwanja. Voi iko nyuzi 3 na nusu hivi kusini ya ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 12 Machi na tena siku za kwanza za Oktoba. Kati ya Aprili na Septemba adhuhuri yake huwa upande wa kaskazini, lakini haliinami zaidi ya nyuzi 27 kutoka utosini. Mwezi wa Desemba huinama kusini kama nyuzi 20. Maana yake ni nzuri sana kwa fundi: dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.2 hukingwa adhuhuri ya Juni na upenu wa sentimita 60 tu, na la kusini huhitaji hata pungufu ya hapo. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zenye hatari, maana asubuhi na jioni jua liko chini na hakuna upenu unaolifikia. Ukuta wa magharibi saa kumi alasiri hupokea wati 600 au zaidi kwa mita ya mraba, wakati nyumba yote imeshachoka na joto la mchana. Kanuni basi ni nyepesi: nyumba ilale mashariki hadi magharibi, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi ukae jiko, stoo, choo, au mwarobaini.

Lakini viwanja havikupimwa kwa kutazama jua. Vimefuata reli iliyofika Voi mwishoni mwa karne ya 19, kisha barabara ya Mombasa, nazo zote mbili hukata kutoka kusini mashariki kwenda kaskazini magharibi. Kila mwenye duka anataka kutazama barabara. Hilo sina la kulitatua. Ninaloweza kulilaumu ni ramani za nyumba zinazonunuliwa Nairobi au kunakiliwa kwenye simu: paa lililofichwa nyuma ya ukuta, upenu usiokuwapo, vioo vikubwa vyenye fremu za alumini ambavyo nusu tu hufunguka. Nairobi iko karibu mita 1,700, na Julai watu wake huvaa makoti. Kioo kinachoalika jua huko ni rafiki. Voi kioo hicho hicho huruhusu mwanga kuingia, hukataa mnururisho wa vitu vya ndani kutoka, na kugeuza sebule kuwa kitalu cha nyanya.

Ukuta mnene umesifiwa mno, na sifa hizo zinahitaji kupunguzwa kidogo. Joto la mchana linapopiga ukuta wa udongo ulioshindiliwa, husafiri ndani polepole na kudhoofika njiani. Kila sentimita 12 hivi hupunguza mawimbi ya joto la siku hadi kama theluthi moja na kuyachelewesha kwa saa nne. Ukuta wa sentimita 20 huchelewesha joto kwa saa sita na nusu. Wa sentimita 30 kwa karibu saa kumi. Nyumba za mawe ya matumbawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Mombasa, zenye kuta za nusu mita na vichochoro vinavyojikinga vyenyewe kwa kivuli, zilijengwa kwa ujuzi wa jambo hili bila mlinganyo hata mmoja.

Sasa fikiria ukuta wa sentimita 20 unaotazama magharibi bila kivuli. Joto la saa kumi alasiri linaingia chumbani saa nne na nusu usiku, wakati watoto wanalala. Ukuta umefanya kazi yake sawasawa na umewanyima usingizi. Uzito wa ukuta ni ghala tu: ukiweka baridi unapata baridi, ukiweka joto unapata joto. Kwa hiyo katika Voi uzito una faida kwa masharti mawili, kwamba ukuta uwe na kivuli mchana, na kwamba madirisha yafunguliwe usiku ili hewa ya nyuzi 20 iingie iusafishe. Sharti la pili ni gumu kuliko linavyosikika. Linataka wavu wa mbu, linataka grili, na linataka mtaa ambao mtu hulala bila hofu ya kuibiwa. Fizikia haina jibu kwa mwizi, ingawa madirisha madogo ya juu karibu na lenta, yenye wavu na vyuma, husaidia: hewa moto hukusanyika juu na kutoka hapo, na baridi huingia kupitia matundu ya chini.

Zaidi ya hayo, vyumba havitumiki saa zote. Otto Koenigsberger na wenzake, katika kitabu chao cha 1973 kuhusu ujenzi wa nchi za joto, walishauri kwa maeneo makavu kwamba vyumba vya mchana viwe na kuta nzito na vya usiku viwe vyepesi. Ukiwa Voi ushauri huo una mantiki kamili. Bati na ukuta mwembamba hupoa nusu saa baada ya magharibi. Usiku mkavu wenye nyota paa hupoteza wati 50 hadi 80 kwa mita ya mraba kuelekea anga, bure kabisa. Zege la gorofa hufanya kinyume. Slabu ya sentimita 15 iliyochomwa na jua huanza kuteremsha joto kali jioni na huendelea hadi usiku mkubwa, na mpangaji wa gorofa ya juu hulipia mandhari kwa kukosa usingizi. Matofali ya udongo na simiti kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, yale yanayofungamana bila chokaa nyingi, yanafaa kwa kuta za sebule na madarasa. Udongo mwekundu wa hapa unafaa, na hakuna kuni za kuchomea. Kanuni za ujenzi za Kenya za 1968, zilizoegemea mno desturi ya Uingereza, zilivipa vifaa hivyo nafasi finyu. Marekebisho ya 1995 yalilegeza.

Upepo ndio utajiri mwingine wa Voi, na hutolewa bure bila matangazo. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba, kaskazi kati ya Desemba na Machi. Hewa ikipita juu ya ngozi kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, mtu huhisi kana kwamba joto limepungua kwa nyuzi tatu. Chumba chenye dirisha moja hakipati mwendo huo kwa sababu upepo hauna pa kutokea. Madirisha mawili kwenye kuta mbili hutosha, na la kutokea likiwa kubwa kuliko la kuingilia ni bora. Feni hufanya kazi hiyo hiyo kwa wati 60, na ieleweke kwamba feni haipozi chumba hata kidogo. Mota yake hukiongezea joto. Hupoza mtu, na ukiiacha inazunguka katika chumba kisicho na mtu umenunua joto.

Ukizungumza upepo na joto huku ukizungukwa na vichuguu vyekundu vya Tsavo, ni lazima uulizwe kuhusu mchwa. Mwaka 1961 Martin Lüscher aliandika kwamba kichuguu hupoza kwa mzunguko wa hewa moto inayopanda na baridi inayoshuka. Kwa msukumo huo msanifu Mick Pearce alibuni jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa 1996, ambalo hupitisha hewa baridi ya usiku katika sakafu za zege na kuitumia mchana bila viyoyozi vya kawaida. Baadaye watafiti kama J. Scott Turner walionyesha kwamba kichuguu hufanya kazi zaidi kama pafu: upepo unaobadilika nje hutikisa hewa ya ndani, na joto la kiota hufuata zaidi lile la udongo. Mchwa hawakuwa wakifanya tulichodhani, na jengo hata hivyo linafanya kazi. Sioni aibu yoyote katika hilo. Karibu nasi zaidi, chuo cha Startup Lions kilichobuniwa na Francis Kéré na kukamilika 2021 kando ya Ziwa Turkana kina minara ya kutoa hewa moto yenye sura ya vichuguu, nayo iko mahali palipo na joto kuliko Voi.

Maji pia hupoza. Lita moja ikigeuka mvuke hubeba nguvu sawa na yuniti 0.68 za umeme, na ndiyo siri ya mtungi wa udongo na ya vibanda vya makaa yaliyoloweshwa vya kuhifadhia mboga. Alasiri ya Voi, nyuzi 32 na unyevu chini ya nusu, hewa iliyopita kwenye kitambaa kibichi inaweza kukaribia nyuzi 23. Kwa nyanya na maziwa ni njia nzuri. Kwa nyumba nzima, kuzima zile kilowati 12 za paa tupu kungetaka karibu lita 18 kila saa, mtungi mzima. Hakuna anayeishi Mraru atakayemwaga maji hivyo.

Kiyoyozi kimebaki mwisho makusudi. Ni mashine nzuri. Haitengenezi baridi, huhamisha joto kutoka ndani kwenda nje, na kwa kilowati 1.1 ya umeme cha kawaida cha BTU 12,000 huhamisha kilowati 3.5. Linganisha na kilowati 12 za paa: unahitaji zaidi ya vitatu kushindana na bati, au kimoja na dari. Kazi yake huwa ngumu kadiri tofauti ya joto inavyopanuka, kwa hiyo anayekipanga nyuzi 18 analipa zaidi kwa kila kilowati iliyotolewa kuliko aliyeridhika na 26, na sanduku la nje lililotundikwa ukuta wa magharibi hupumua hewa ya moto wake mwenyewe. Kikitumia wastani wa wati 700 kwa saa nane, ni yuniti 5.6, tuseme yuniti ni shilingi 28, mwezi ni karibu shilingi 4,700. Feni ya wati 60 kwa saa hizo hizo ni shilingi 400 hivi. Huko Muscat, Oman, ambako nyumba nyingi za waliohama kutoka Zanzibar bado zinazungumza Kiswahili jikoni, viyoyozi ndivyo vinavyokula sehemu kubwa ya umeme wa nyumbani wakati wa kiangazi, na mafuta yao yameufanya umeme uwe rahisi. Sisi hatuna hiyo njia.

Kuna pia gesi iliyo ndani. Oktoba 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za aina ya HFC. Kilo moja ya R-410A, iliyojaa katika viyoyozi vingi, huongeza joto la dunia kama zaidi ya tani mbili za kaboni dioksidi. R-32 ni karibu theluthi moja ya hapo, na propani, R-290, karibu haina athari hiyo, ingawa inawaka na inataka fundi aliyefunzwa. Anayenunua kiyoyozi Voi leo aulize herufi hizo. Anayenunua kilichotumika kutoka ng'ambo anapewa gesi ambazo wenyewe wanaziaga.

Juu vilimani mambo hugeuka. Wundanyi usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, ukungu huingia, na mafiga huachwa yakiwaka ndani mpaka watu walale. Moto wa wazi hupoteza sehemu kubwa ya joto lake na hulipa moshi kifuani mwa akina mama na watoto. Ulaya wamelijibu suala hili kwa kiwango cha Passivhaus, kilichoanzia Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991: nyumba iliyofungwa kabisa, yenye kihami kinene pande zote, inayohitaji si zaidi ya yuniti 15 za kupasha joto kwa mita ya mraba kwa mwaka. Wundanyi haihitaji hivyo. Sakafu kavu, dari yenye kihami, madirisha yasiyovuja, na jiko lenye bomba la moshi hutosha kuweka chumba nyuzi 18, kwa sababu watu wanne na taa vinatoa nusu kilowati. Bati tupu huko hupoa chini ya joto la hewa usiku, mvuke wa pumzi hugeuka matone chini yake na kudondoka kitandani alfajiri. Wengine hufikiri paa linavuja.

Kwa hiyo dari ile ile inafaa Voi na Wundanyi, kwa sababu zinazotazama pande tofauti. Kinachokwamisha ni nani alipe. Sehemu kubwa ya wakazi wa Voi ni wapangaji. Mwenye ploti hununua paa, na mpangaji hununua feni na kukosa usingizi. Kila shilingi anayoweka mwenye ploti kwenye dari hupunguza bili ya mtu mwingine, kwa hiyo haiweki. Katika mtaa wa Tanzania-Bondeni, Voi, ambako miaka ya 1990 wakazi walipata umiliki wa ardhi wa pamoja kupitia mfuko wa ardhi wa jamii, wa kwanza wa namna yake Kenya, hesabu hiyo ni tofauti: anayejua hataondolewa ana sababu ya kuweka pesa juu ya kichwa chake. Na Mraru yenyewe ina historia ya kuchanga. Miaka ya 1970 kikundi cha wanawake wa hapo kilikusanya fedha kidogo kidogo kikanunua basi, kwa sababu magari yaliyokuwapo yaliwaacha barabarani wakienda sokoni Voi. Dari ya nyumba moja, kwa jipsamu au mbao nyembamba na magunia ya mabaki ya mkonge, ni ndogo kuliko basi. Chama cha watu ishirini wanaochangiana kila mwezi kinaweza kumaliza nyumba zake zote kabla ya miaka miwili, kuanzia zile zenye watoto wachanga, na kwa wapangaji kunahitajika kifungu kimoja tu kwenye mkataba: dari aliyoweka mpangaji ikatwe kwenye kodi.